Muthiga na Majira: Kwa Nini Nguvu ya Gome na Jani Hubadilika

Anayepika managu jijini Nairobi hujua kwamba mboga iliyochumwa wakati wa mvua huwa laini, na ile ya kiangazi huwa chungu zaidi, hata kama zote mbili zimetoka shamba moja huko Kabete au Dagoretti. Mpishi huonja, kisha hurekebisha. Humwaga maji ya kwanza au huongeza maziwa. Mbegu ni ile ile na udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni kemikali zilizo ndani ya jani, ambazo mmea hutengeneza kwa wingi au kwa uchache kulingana na maji, jua, umri wa jani na wadudu wanaoushambulia.

Miti ya dawa nayo hufuata kanuni hiyo. Lakini anayechemsha gome la mti kwa ajili ya kikohozi au homa huwa na kipimo kimoja tu: kijiko, kiganja au kikombe. Kipimo hicho hupima uzito wa gome. Hakipimi kiasi cha dawa kilichomo ndani ya gome hilo.

Makala haya yanaeleza jinsi majira yanavyobadilisha kemikali za mimea, kwa kutumia mti unaojulikana sana upande wa magharibi wa Nairobi, ambao sasa umekuwa adimu karibu na makazi ya watu: muthiga.

Mti wenyewe

Muthiga ni jina la Kikuyu. Wamaasai huuita osokonoi, na wanasayansi huuita Warburgia ugandensis. Ni mti wa misitu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, na hupatikana Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na mashariki mwa Kongo. Hauangushi majani yote kwa wakati mmoja. Huwa wa kijani mwaka mzima. Majani yake hung'aa upande wa juu, na matunda yake ya mviringo huanza yakiwa ya kijani kabla ya kugeuka zambarau.

Alama yake kubwa ni ladha. Jani, gome, mzizi na tunda vyote huwasha ulimini kama pilipili. Anayetafuna kipande kidogo cha gome huhisi uchungu kwanza, kisha moto unaokaa kinywani kwa muda mrefu. Majani yake yamewahi kutiwa katika mchuzi mahali pa pilipili.

Jina la mti huu limo pia katika ramani. Mkazi anayetoka mjini kwa barabara ya Waiyaki kuelekea Kikuyu hupita Kangemi, Uthiru na Kinoo, kisha hufika mahali panapoitwa Muthiga.

Kwa vizazi vingi jamii za Kenya zimetumia gome la muthiga kwa kikohozi, mafua, maumivu ya tumbo, meno na homa. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye kitabu chake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1976, ni miongoni mwa wataalamu walioandika matumizi ya mimea ya aina hii ili maarifa hayo yasipotee.

Kilicho ndani ya gome

Mwaka huo huo wa 1976, utafiti kuhusu kemikali za muthiga ulichapishwa katika majarida ya kemia ya dunia, na sehemu ya historia hiyo ni ya Nairobi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilianzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na miaka yake ya kwanza kilikuwa Chiromo, hatua chache kutoka katikati ya jiji. Mmoja wa wakurugenzi wake wa utafiti alikuwa mwanakemia Koji Nakanishi wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani.

Watafiti hao walitafuta mimea ambayo wadudu hukataa kuila. Walichukua gome la miti ya jamii ya Warburgia wakalijaribu kwa viwavijeshi, wadudu wanaoweza kumaliza shamba la mahindi au malisho kwa muda mfupi. Viwavi vilipopewa majani yaliyopakwa kemikali kutoka gome hilo, viliacha kula. Isao Kubo, Nakanishi na wenzao waliitenga kemikali iliyosababisha hayo, wakaiita warburganali kwa jina la mti. Baadaye ikatengwa nyingine iliyoitwa muzigadiali. Ya tatu katika kundi hilo ni poligodiali, ambayo hupatikana pia katika mimea mingine yenye ladha ya pilipili katika sehemu nyingine za dunia.

Kemikali hizi tatu ni ndugu. Zote ni za kundi la seskuitapeni, yaani molekuli zilizojengwa kwa atomu 15 za kaboni. Ndizo zinazowasha ulimi, na ndizo zinazomfukuza kiwavi. Baadhi yake zimeonyesha katika maabara uwezo wa kuzuia kuvu na bakteria. Watafiti wa Uganda waliochapisha matokeo yao mwaka wa 2001 waliona kwamba dondoo za muthiga zilizuia vijidudu kadhaa kukua katika vyombo vya maabara.

Ikumbukwe kwamba kuua kijidudu katika chombo cha maabara si sawa na kumtibu mtu. Dondoo hiyo hiyo ikinywewa hupita tumboni, kwenye ini na katika damu kabla ya kufika mahali ugonjwa ulipo. Ndiyo maana dawa hupimwa kwa hatua nyingi kabla ya kukubaliwa hospitalini.

Kwa nini mmea hubadilisha kemikali zake

Mti hauna miguu ya kumkimbia adui. Ulinzi wake ni kile unachotengeneza ndani yake: uchungu, muwasho, sumu, utomvu, harufu kali. Lakini ulinzi una gharama. Sukari inayotengenezwa na majani kwa mwanga wa jua inaweza kutumiwa kukuza tawi jipya, au kutengeneza tunda, au kutengeneza kemikali za kujikinga. Haiwezi kufanya yote kwa kiwango cha juu kwa wakati mmoja. Majira yakibadilika, mgawanyo huo nao hubadilika.

Mambo manne huongoza mgawanyo huo.

La kwanza ni maji. Mvua inapokuwa nyingi, mmea hukua haraka na sukari nyingi huenda kwenye majani na matawi mapya. Maji yakipungua kiasi, ukuaji husimama mapema kuliko kazi ya majani ya kutengeneza sukari. Sukari inayobaki huelekezwa kwenye kemikali za kujikinga, na ndiyo maana mimea mingi huwa michungu zaidi mwanzoni mwa kiangazi. Ukame ukizidi, vitundu vya jani hufungwa ili kuzuia maji kupotea, sukari nayo hupungua, na mmea huanza kuishi kwa akiba.

La pili ni mwanga. Kemikali nyingi za kundi la polifenoli, zikiwemo tanini, huongezeka katika majani yaliyo juani na hupungua katika majani ya kivulini. Tofauti hiyo huweza kuonekana hata katika mti mmoja, kati ya tawi la juu na tawi la chini.

La tatu ni umri. Jani changa ni laini na lina virutubishi vingi, kwa hiyo wadudu hulipenda. Mimea mingi hulilinda kwa kemikali kali. Jani likikomaa huwa gumu, na ugumu wenyewe huwa kinga. Katika mimea mingine mambo huwa kinyume: kemikali huongezeka kadiri jani linavyozeeka.

La nne ni adui mwenyewe. Jani likitafunwa, mimea mingi hutuma ishara ndani ya mwili wake na kuongeza kemikali za ulinzi, hata katika majani ambayo hayajaguswa. Wadudu huongezeka baada ya mvua, kwa hiyo majira huleta pia vita.

Mifano iliyopimwa

Wakazi wengi wana mifano ya jambo hili karibu nao.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka wa 1903, safari fupi kutoka Nairobi. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, wala hachumi jani la chini. Sababu ni ya kikemia: polifenoli zinazoipa chai rangi na ukali ziko kwa wingi zaidi katika chipukizi na majani machanga. Wataalamu wa chai wa Kenya wamepima pia athari za majira, wakaona kwamba chai inayokua polepole wakati wa ukavu au baridi mara nyingi huwa na ubora wa juu kuliko ile inayokua haraka wakati wa mvua na joto. Kichaka ni kimoja, kiwanda ni kimoja, na bado bei ya mnada hutofautiana.

Pareto ni mfano wa pili. Ua hili lililolimwa sana katika nyanda za juu za Kiambu na Nakuru hubeba pirethrini, kemikali inayoua wadudu. Mkulima aliyechuma ua likiwa bado bumba alipata pirethrini kidogo. Aliyesubiri hadi ua lifunguke vizuri alipata nyingi zaidi. Malipo yalifuata kiwango cha pirethrini kilichopimwa, si uzito peke yake, na mkulima alijifunza kusoma umri wa ua.

Mfano wa tatu ni wa huzuni. Mihogo michungu ina kemikali zinazotoa sayanidi, ambayo ni sumu. Wakati wa ukame mihogo huwa na sumu nyingi zaidi. Mwaka wa 1981, katika mkoa wa Nampula huko Msumbiji, ukame uliwaacha watu na chakula kidogo mbali na mihogo michungu, na njaa iliwafanya wafupishe siku za kuiloweka na kuikausha. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Walikula chakula walichokijua tangu utotoni. Kilichobadilika ni kiasi cha sumu iliyokuwa ndani yake na muda wa kuiondoa.

Mfano wa nne unatoka Uingereza. Karibu na Oxford, mtafiti Paul Feeny alipima majani ya mti wa mwaloni tangu yalipochipua hadi yalipozeeka, na mwaka wa 1970 akachapisha matokeo yake. Tanini ziliongezeka kadiri miezi ilivyopita, na viwavi wa nondo waliokula majani hayo walikuwa wamejipanga kuanguliwa mapema, majani yakiwa bado machanga. Mdudu alikuwa anajua kalenda ya kemikali ya mti.

Kalenda ya Nairobi

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ambayo makao yake makuu yako Dagoretti Corner, hugawanya mwaka wa Nairobi katika vipindi vinavyofahamika na kila mkazi. Mvua ndefu, au masika, huanza Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, na mvua huwa kidogo. Septemba hukauka na kupata joto. Mvua fupi, au vuli, hunyesha Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ni jua kali na ukavu.

Kila kipindi kina maana yake kwa mti unaobaki na majani mwaka mzima. Masika na vuli huleta machipukizi, na pamoja nayo wadudu. Baridi ya Juni na Julai huleta mawingu: maji yapo ardhini, lakini mwanga ni mdogo. Januari na Februari mwanga ni mwingi, lakini maji hupungua wiki baada ya wiki. Kwa hiyo mti mmoja wa muthiga hupita katika hali nne tofauti ndani ya miezi kumi na miwili, na gome lililokatwa Februari limetoka kwa mti ulio katika hali tofauti na ule wa Mei.

Mahali nako huongeza tofauti. Katikati ya jiji ni karibu mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Dagoretti Corner ni karibu mita 1,800. Muguga, nje kidogo ya mpaka wa kaunti, iko juu ya mita 2,000. Kadiri mtu anavyopanda kuelekea magharibi, ndivyo mvua inavyoongezeka na baridi inavyozidi. Udongo pia hubadilika: mwekundu na wenye kupitisha maji upande wa Kabete na Dagoretti, mweusi na wenye kushika maji upande wa mashariki na kusini mwa jiji.

Si majira peke yake

Miti miwili iliyosimama pamoja inaweza kutofautiana kwa sababu ya urithi, kama ndugu wawili wanavyotofautiana kimo. Mti uitwao muiri kwa Kikuyu, yaani Prunus africana, ni mfano mzuri. Gome lake hutumiwa kutengeneza dawa za uvimbe wa tezi dume huko Ulaya. Watafiti waliolinganisha magome ya muiri kutoka nchi mbalimbali za Afrika, katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 2012, waliona tofauti kubwa za viambato kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Sehemu ya mti ni jambo lingine. Mzizi, gome la shina, gome la tawi na jani havina kiasi sawa cha kemikali. Kisha kuna yale yanayotokea baada ya kukata. Poligodiali na ndugu zake hazitulii. Huungana na vitu vingine kwa urahisi, na hiyo ndiyo sababu huwasha ulimi. Gome lililosagwa likaachwa wazi juani au kwenye karatasi kando ya barabara kwa miezi mingi haliwezi kutarajiwa kuwa sawa na gome bichi.

Kwa hiyo pakiti mbili za unga wa muthiga, zenye rangi moja na bei moja, zinaweza kutofautiana kwa msimu, mahali, mti, sehemu ya mti na muda wa kuhifadhiwa. Macho hayaoni tofauti hiyo. Ulimi huiona kidogo tu.

Maana yake kwa anayeumwa

Wakazi wanaotumia mitishamba hawatumii jambo la haramu. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inatambua tiba ya asili na tiba mbadala, na Bodi ya Famasia na Sumu husajili bidhaa za mitishamba zinazouzwa kama dawa. Jambo la kuzingatia ni hatari zinazotokana na kipimo kisichojulikana.

Homa ni ya kwanza. Nairobi iko juu sana kiasi kwamba malaria haisambai kwa urahisi, lakini wakazi wengi husafiri kwenda Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako malaria ipo kwa wingi. Anayerudi kutoka huko akapata homa anapaswa kupimwa damu siku hiyo hiyo katika kituo cha afya. Kumpa gome kwanza na kusubiri siku tatu kuona kama litafanya kazi ni hatari, hasa kwa mtoto chini ya miaka 5 na kwa mama mjamzito. Gome la jirani lililomsaidia mwezi uliopita halithibitishi chochote kuhusu gome la leo.

Kikohozi ni cha pili. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, chenye jasho la usiku au kupungua uzito, kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kitu kinachotuliza koo kinaweza kuficha ugonjwa huku ukiendelea kuwaambukiza watu wa nyumbani.

La tatu ni dawa za hospitali. Anayemeza dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu au virusi vya ukimwi amwambie mhudumu wa afya kama anatumia pia mitishamba, na ataje jina la mti. Mhudumu hawezi kusaidia kwa jambo asilolijua, na mgonjwa hana sababu ya kuona haya kulisema.

Gome lisilorudi

Mabadiliko ya majira yana maana nyingine, na hii inahusu uhai wa mti wenyewe.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka hadi mizizini kupitia tabaka la ndani la gome. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, njia hiyo hukatika. Majani yanaweza kubaki ya kijani kwa miezi kadhaa, kwa sababu maji bado yanapanda kupitia mbao, na anayepita hudhani mti u mzima. Lakini mizizi inakufa njaa. Mti hufa ukiwa umesimama.

Muthiga unaposhambuliwa hivi, huanza kutoweka kwanza mahali penye watu wengi. Dada yake wa kusini, Warburgia salutaris, ameonyesha mwisho wa njia hiyo: nchini Zimbabwe uliuzwa sana kwa ajili ya gome hadi ukakaribia kwisha kabisa porini. Muiri nao uliwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa wa CITES kuanzia mwaka wa 1995, baada ya miti mingi kubanduliwa gome katika nchi kadhaa za Afrika.

Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza kukata au kuondoa mazao ya msitu wa umma bila kibali, na anayepatikana na hatia huweza kutozwa faini au kufungwa. Gome ni zao la msitu. Hiyo inahusu msitu wa Ngong Road, Karura na bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907, kama inavyohusu msitu wa mbali.

Kuna njia iliyo bora zaidi. Watafiti wa Afrika Kusini walipochunguza Warburgia salutaris waliona kwamba majani yake yana kemikali za kundi lile lile la gome na pia yana nguvu dhidi ya bakteria, wakapendekeza majani yatumiwe badala ya gome. Jani likichumwa kwa kiasi, tawi huchipua tena. Gome likibanduliwa lote, hakuna la kuchuma mwaka ujao. Na kwa kuwa jani huonyesha umri wake waziwazi, mchumaji anaweza kuchagua majani ya umri mmoja kutoka mti mmoja katika kipindi kimoja cha mwaka. Hilo halifanyi kipimo kuwa sahihi kama cha hospitali, lakini hupunguza tofauti.

Kupanda na kuandika

Mkazi mwenye nafasi uani, shuleni, kanisani au msikitini anaweza kupanda muthiga. Udongo mwekundu wa upande wa magharibi unaufaa. Mbegu zake hupoteza uhai haraka zikikauka, kwa hiyo zinapaswa kusiwa zikiwa mbichi, na miche hupandwa mvua zinapoanza. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliyoko Muguga, ina kituo cha mbegu za miti kinachotoa mbegu na ushauri. Mti huu hukua polepole miaka ya mwanzo, na miche huhitaji kukingwa na mbuzi na ng'ombe.

Shule zinaweza kuugeuza mti kuwa somo. Kundi la wanafunzi huchagua mti mmoja, huupa namba, na kila mwezi huandika mambo sita: tarehe, mvua iliyonyesha, kama kuna machipukizi, kama kuna maua, kama kuna matunda, na wadudu walioonekana. Baada ya mwaka mmoja huwa na kalenda ya mti huo. Hakuna haja ya kuonja wala kubandua kitu.

Kazi hiyo ina heshima yake katika sayansi. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoko Makavazi ya Taifa ya Kenya, ilianzishwa Amani, Tanzania, mwaka wa 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Kila sampuli humo ina karatasi inayotaja mahali ilipochumwa, kimo cha mahali hapo na tarehe. Bila tarehe, mwanakemia anayesoma sampuli hiyo baadaye hawezi kujua kama mmea ulikuwa katika masika au katika kiangazi, na nusu ya maana ya kipimo chake hupotea.

Mambo ya kukumbuka

1. Kemikali za mti wa dawa hubadilika kwa msimu, mahali, umri, sehemu ya mti na muda wa kuhifadhiwa. Kijiko hakipimi dawa.
2. Homa baada ya safari ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe kifua kikuu.
3. Mwambie mhudumu wa afya mitishamba unayotumia.
4. Usibandue gome kuzunguka shina. Chuma majani kwa kiasi, katika mti wako au kwa ruhusa ya mwenyewe.
5. Kuchukua gome katika msitu wa umma bila kibali ni kosa la jinai.
6. Panda muthiga mvua zinapoanza, na uandike tarehe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mboga au jani huweza kuwa chungu zaidi maji yanapopungua, hata kama mmea ni ule ule?
2. Mti uliobanduliwa gome pande zote huweza kubaki na majani ya kijani kwa miezi. Eleza kwa nini, na kwa nini bado utakufa.
3. Jirani ana mfuko wa gome lililosagwa na hajui lilikatwa mwezi gani wala wapi. Taja mambo matatu kuhusu gome hilo ambayo hawezi kuyajua kwa kulitazama.
4. Ikiwa shule yako ina mti wa muthiga, ni mwezi gani ungetarajia kuona machipukizi mengi, na ungethibitishaje?